Mkono Usiosikia Moto

Siku ya kwanza Zenaide alipogeuza beiju kwa mkono mtupu, watu walipiga makofi, na Lindalva naye akapiga. Alipiga ya adabu tu, kama mtu anayepangusa unga viganjani, kisha akainamia chekecheke lake ili asionekane uso.

Beiju ni mkate mwembamba wa wanga wa muhogo, na huku Maranhao mtoto huujua kabla ya kujua jina lake mwenyewe. Wanga unatandazwa juu ya bamba la chuma la tanuri, unashikana, ukingo unaanza kunyanyuka, na hapo inabidi ugeuzwe upesi. Wanawake wote hugeuza kwa mwiko. Lindalva alikuwa na mwiko wa mbao aliochongewa na mumewe, Benvindo, mwaka waliooana, na kwa kazi ulikwishalika upande mmoja. Lakini Zenaide, dada yake Benvindo, aliingiza vidole chini ya mkate, akaupindua polepole kama mtu anayefunua shuka la mtoto aliyelala, na hadithi aliyokuwa akiisimulia haikukatika hata neno.

"Ebwana!" alisema Anselmo, dereva wa lori la muhogo. "Huyu dada alizaliwa jikoni kwa ibilisi, au?"

"Ibilisi mwenyewe kaniachia jiko, Seu Anselmo," Zenaide akajibu. "Kasema joto limemshinda."

Watu wakacheka mpaka vumbi la unga likaruka. Na pale mlangoni, kwenye kiti chake cha ngozi ya ng'ombe, Mama Perpetua, mwenye nyumba hiyo ya unga, mama yao Benvindo na Zenaide, alishika kifua kwa furaha.

"Mkono wa marehemu mama yangu!" alisema. "Ule ule! Mimi sikuupata, nikadhani umezikwa naye. Kumbe ulikuwa kwa mwanangu."

Mwanangu. Lindalva alilisikia neno hilo likipita juu ya kichwa chake kwenda kwa mwingine. Yeye aliolewa katika nyumba hiyo akiwa msichana. Magoti ya Mama Perpetua yalipokataa kazi, ni yeye aliyeshika tanuri. Mama alipougua homa ya mapafu, ni yeye aliyemnywesha uji, akamwosha, akamchana nywele. Na bado wageni walipokuja Mama Perpetua alimtambulisha hivi: "Huyu ni mke wa Benvindo." Kwa upole, tena akimshika mkono. Lakini mke wa Benvindo.

Zenaide alikuwa ameondoka miaka mingi nyuma, akamfuata mwanamume kwenye machimbo ya dhahabu, mbali huko juu ya mito. Alirudi mvua zilipoanza, na begi moja, bila mwanamume, na hadithi za kujaza nyumba. Lindalva ndiye aliyemfagilia chumba. Ndiye aliyemfungia machela mpya ya kulalia, ile ya pamba nyeupe aliyokuwa amejiwekea mwenyewe. Alifanya hivyo kwa moyo safi, na ningependa hilo likumbukwe, maana mambo mengine aliyoyawaza baadaye hayakuwa safi.

Wivu ulimwingia kidogokidogo. Kwanza alianza kuona kwamba kahawa ya Mama Perpetua siku hizi ilisubiri Zenaide aimimine. Halafu akaona kwamba wanunuzi walikuwa wakimpita yeye, beiju zake zimepangwa vizuri kwenye jani la mgomba, wakaenda kusimama upande wa Zenaide kungoja. Halafu akawa haoni kitu kingine. Alimtazama wifi yake asubuhi mpaka jioni, alivyokaa, alivyocheka, alivyofunga kitambaa, alivyoburuta mguu mmoja kidogo kandambili ikawa inamtoka. Mtu akipenda hamtazami mwenzake kwa makini hivyo. Mapenzi huridhika upesi, lakini Lindalva hakuridhika.

Sikukuu ya Roho Mtakatifu ilikuwa inakaribia. Siku hiyo wanawake wapiga ngoma hupita nyumba kwa nyumba na bendera nyekundu, na kwa Mama Perpetua bendera husimama mbele ya tanuri. Beiju ya kwanza ya sikukuu hugeuzwa kwa mkono mtupu. Ni nadhiri ya nyumba hiyo tangu zamani. Anayegeuza huungua kidogo, hupiga yowe, "Aai!", na yowe hilo ndilo ngoma zinalolijibu. Lindalva alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu magoti ya mama mkwe yaharibike, na kila mwaka alipiga yowe la kuku aliyekanyagwa. Watoto walilingoja mwaka mzima wapate kuliigiza. Yeye aliona aibu.

"Mwaka huu atageuza Zenaide," Mama Perpetua alisema jioni moja, wakimenya muhogo. "Hebu fikiri, Lindalva. Mbele ya bendera, bila hata kukunja uso. Wapiga ngoma watapigwa na butwaa."

"Ndiyo, Mama," alisema Lindalva, na kisu kikamteleza kwenye gumba.

"Wifi, usinune," Zenaide akamtania. "Nitakupa kazi ya kubeba maji. Na yowe unaweza kulipiga hata ukiwa kisimani."

Wakacheka wote. Benvindo naye alicheka, halafu akaona uso wa mkewe akaacha, akajifanya anatafuta kikapu.

Kesho yake, wenzake walipokwenda shambani, Lindalva aliwasha tanuri peke yake kwa makaka ya babasu, nazi ndogo za mwituni. Aliwaza kwamba mkono ni kitu cha kufundishwa. Zenaide kafundishwa na nani huko machimboni? Hakuna. Basi na yeye angeweza. Alitandaza wanga, akangoja ukingo unyanyuke, akasali kidogo, akaingiza vidole.

Akavumilia. Akajiambia usitoe sauti, usitoe sauti, na kwa kujilazimisha hivyo akabonyeza vidole kwenye chuma pale ambapo mtu mwenye akili angevitoa. Beiju iligeuka nusu, ikakunjika. Vidole vyake vitatu vilitoka malengelenge kama zabibu.

Kwenye zahanati alikuwapo nesi Jacirema, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye hakumharakisha mtu. Aliuosha mkono, akaupaka dawa, ndipo akauliza, "Bamba la tanuri, siyo? Lakini Dona Lindalva, wewe una miaka kwenye tanuri. Imekuwaje?"

Lindalva alitaka kusema ameteleza. Lakini nesi alikuwa ameushika mkono wake kama mtu anavyoshika kifaranga, na upole wa namna hiyo humtoa mtu ukweli.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," alisema. "Ya kutosikia moto."

Nesi hakucheka. "Hayo mazoezi hayapo," alisema. "Shukuru umeungua. Hebu tuupime kabisa, huku kwetu kila mkono ulioungua naupima. Fumba macho."

Alimgusa kwa kichupa cha maji ya moto na kichupa cha maji baridi, kwa zamu bila mpangilio, Lindalva akawa anasema "moto", "baridi", "baridi". Akamgusa kwa pamba. Kisha akatoa vijiti vyenye nyuzi za nailoni za rangi mbalimbali, uzi wa kijani mwembamba kama unywele wa mtoto, mwingine mnene zaidi, na mwingine zaidi, akawa anaubonyeza uzi ngozini mpaka upinde.

"Ukisikia sema nasikia."

"Nasikia. Nasikia. Hapo unanitekenya."

"Mzima kabisa." Nesi akamwonyesha kwa kidole, kutoka ncha ya kidole kidogo, kupita ukingo wa kiganja, mpaka ndani ya kiwiko. "Humu mna kamba nyembamba, mishipa ya fahamu. Kitu kikigusa kidole, habari inapanda nayo mpaka mgongoni, mpaka kichwani. Wewe umewahi kuvua samaki kwa kamba?"

"Nimekulia ziwani."

"Umefunga kamba kidoleni, samaki akivuta unajua. Sasa kamba ikioza katikati?"

"Anakula chambo, na mimi nimekaa napiga miayo."

"Ndivyo hivyo. Upo ugonjwa unaoozesha kamba, taratibu, bila maumivu. Na joto na baridi ndivyo vinavyotangulia kupotea. Halafu maumivu. Mguso huaga mwisho. Kwa hiyo utamshika mtu mkono na atakusikia, atacheka nawe, na bado ataungua bila kujua. Mkono unaopiga kelele, Dona Lindalva, haunipi kazi. Unaonitia wasiwasi ni ule ulionyamaza."

Nje kuku alikuwa akiparua mchanga. Lindalva alijua, papo hapo, kama unavyojua nani amegonga mlango kabla hajasema. Aliona vidole vya Zenaide chini ya mkate. Aliona kandambili inayomtoka mguuni. Aliona na ile siku watu wa zahanati walipopita mtaani kupima kila nyumba, na Zenaide akapotelea mwituni kuokota babasu, na kikapu alichorudi nacho hakikufika hata nusu.

Alifungua mdomo aseme. Akaufunga.

Maana aliona pia kitakachofuata. Zenaide angeondolewa kwenye tanuri. Bendera ingesimama tena mbele yake yeye, mke wa Benvindo. Na moyo wake, alipoiona picha hiyo, uliruka kwa furaha. Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Angesemaje neno la kweli, na lilikuwa tamu namna hiyo kinywani?

Akarudi nyumbani kimya, mkono umefungwa bendeji.

"Masikini wifi," Zenaide alisema alipomwona. "Tanuri limekung'ata? Lazima ulichelewa kulisalimia." Lakini usiku ule ule, bila kuombwa, alimsugulia sufuria zote, na asubuhi alimkatia nyanya vipandevipande ili asisumbuke kushika kisu. Lindalva alikula nyanya hizo kwa hasira. Ni vigumu kumwonea wivu mtu anayekukatia nyanya, na bado aliweza.

Siku zikapita na yeye akawa anachekecha unga kwa mkono wa kushoto na kutazama. Alijiambia huenda amekosea. Alijiambia Zenaide ni mtu mzima, ana miguu, zahanati anaijua. Alijiambia akisema hakuna atakayemwamini, na hilo lilikuwa kweli, na aliushika ukweli huo kama mtu aliyeshika mlango usifunguke.

Mpaka Jumamosi. Watu walijaa, Anselmo akiwa mbele kama kawaida, na Zenaide alikuwa akisimulia habari za mchimbaji aliyemeza kipande cha dhahabu asiibiwe. Mkono wa kuume ulitulia ukingoni mwa bamba, akiwa anangoja beiju ishikane. Lindalva alisikia harufu kabla ya kuona. Haikuwa harufu ya muhogo.

Kidole kidogo cha Zenaide kilikuwa kimelala juu ya chuma, na ukingo wake ulikuwa unatoa moshi.

"...basi wakamkalisha juu ya ndoo, wamengoja siku nzima..." Zenaide alikuwa akisema, na watu wakishika mbavu, na hakuna hata mmoja aliyetazama kidole. Walitazama uso wake. Ulikuwa uso mzuri wa kutazama.

Lindalva alirusha chekecheke, akaruka, akamkamata wifi yake kiwiko akamvuta kwa nguvu. Beiju ikaanguka. Zenaide akapepesuka.

"We! Una wazimu?"

"Mkono wako!"

"Mkono wangu una nini?" Zenaide aliufumba upesi, akauficha kwenye sketi. "Umekutia uchungu mpaka unanipiga mbele za watu? Sema basi! Sema unataka nini!"

"Ah, Dona Lindalva," alisema Anselmo, akitikisa kichwa. "Wivu umekupanda kichwani sasa."

"Mwacheni," mwanamke mmoja akasema. "Ngoma zinakaribia, yowe limemjia mapema."

Wakacheka. Mama Perpetua hakucheka. "Lindalva," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira, "sikukuzoea hivi."

Lindalva alisimama katikati ya nyumba ya unga, na maneno yote yapo mdomoni. Angeweza kusema: mwambieni aonyeshe kidole, mwambieni afumbue mkono. Wangekiona kidole kilichoungua, naam. Na Zenaide angesema ameungua sasa hivi alipovutwa. Na kesho yake begi lile moja lingetoka mlangoni, kurudi juu ya mito, na kidole, na kiganja, na mguu wa kandambili, vyote vingeoza mbali ambako hakuna wa kuvitazama.

Aliokota chekecheke. "Nisameheni," alisema. "Mama, nisamehe."

Mchana huo alirudi zahanati. Hakumtaja mtu. Alimwuliza nesi Jacirema kitu kimoja tu: mkono wa mtu mmoja ukitiliwa shaka, wengine wa nyumba hiyo hupimwa?

"Wote," nesi alisema. "Tunaokula pamoja tunapimwa pamoja." Alimtazama kwa muda. "Uje nao, au nije mimi?"

"Njoo wewe. Wapo wanaokimbilia babasu."

Wakati wa chakula cha jioni, wali na samaki wa kukaanga vimekaribia kwisha sahanini, Lindalva aliweka mkono wake wenye bendeji mezani. Alisema uongo wake bila kumtazama mtu.

"Nesi anautilia shaka mkono wangu. Anasema huenda nina ule ugonjwa wa ganzi. Atakuja Jumatatu atupime nyumba nzima."

Benvindo aliacha kutafuna. Zenaide, aliyekuwa akinyanyua kikombe, alikirudisha chini taratibu. Hakuna aliyesema jina la ugonjwa. Nyumba hiyo ililijua jina la zamani, na ililiogopa kama jina la mfu. Lindalva alingoja. Alijua mama mkwe ana kikombe chake cha bati kisichoguswa na mtu mwingine, na kwamba tangu ujana alikuwa mwanamke wa kuosha ndimu mara mbili. Mama angesogeza kiti mbali naye. Yeye asingemlaumu.

Mama Perpetua alivuta kikombe hicho cha bati, akajaza kahawa, akaongeza sukari nyingi kama Lindalva alivyoipenda, akakisukuma mbele yake.

"Kunywa," alisema. "Na kama ni hivyo, ni hivyo. Hapa ni kwako, huendi popote."

Lindalva alikunywa kutoka kikombe cha mama mkwe, akalia ndani yake, kwa sababu alikuwa amekingoja miaka yote na amekipata kwa uongo. Ng'ambo ya meza Zenaide alimtazama kwa macho ambayo Lindalva aliyatambua mara moja. Alikuwa ameyavaa mwenyewe miezi yote hiyo.

Jumatatu nesi alifika na mkoba wake, akaomba maji ya moto, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alimpima Benvindo kwanza. Benvindo alifumba macho kama mtu anayenyolewa, akajibu kila kitu kwa sauti ya kanisani. Alimpima Mama Perpetua, ambaye alisema "nasikia" hata kabla ya kuguswa, ikabidi aambiwe asisaidie. Mikono na miguu yao ilikuwa mizima.

"Sasa dada," nesi alimwambia Zenaide.

"Mimi? Muulize mtu yeyote kuhusu mkono wangu. Una sifa mpaka ng'ambo ya ziwa."

"Nimezisikia. Fumba macho."

Asingeweza kukataa, na mgonjwa wa nyumba alikuwa ameketi pale na bendeji yake. Alifumba macho, akauweka mkono juu ya meza. Kidole kidogo alikuwa amekizungushia kitambaa safi. Nesi alikifungua, akaona. Akachukua uzi.

Kiti cha plastiki kilikuwa kibovu. Kila nesi alipoinama, kililia.

"Nasikia," alisema Zenaide, akitabasamu. Kiti kikalia. "Nasikia." Kiti kikalia. "Nasikia."

Mama Perpetua alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lindalva alitazama kwenye meza, kama alivyozoea kutazama, naye akaona nesi ameinama, kiti kimelia, na uzi uko hewani. Haujagusa kitu.

"Nasikia," alisema Zenaide.

Nesi aliinua kidole kuwaomba wasiseme. Kisha alikaa kimya kabisa, bila kutikisa kiti, akabonyeza uzi kwenye kidole kidogo. Ukapinda. Akachukua mwingine, mnene zaidi, akabonyeza ukingo wa kiganja. Ukapinda. Akachukua ule mnene kuliko wote. Akagusisha kichupa cha maji ya moto, akakiacha hapo. Zenaide alikuwa amekaa vilevile, macho amefumba, kidevu kimeinuka, tabasamu mdomoni, akingoja aguswe.

Lindalva alikuwa ameomba mara nyingi, na hakujua alikuwa akimwomba nani, alione siku moja tabasamu hilo likifutika. Sasa alitamani libaki. Aliinamisha macho yake.

"Mbona umeacha?" aliuliza Zenaide.

Akafumbua macho, akaona kichupa kimelala juu ya mkono wake, mvuke unatoka. Alikitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekuta mgeni ndani ya nyumba.

Nesi Jacirema alimpapasa ndani ya kiwiko, akaukuta mshipa umevimba. Akamkunjia mkono wa shati, akaona baka lililopauka ambalo alikuwa akilifunika. Alilitaja jina la ugonjwa kama lilivyo siku hizi, ugonjwa wa Hansen. Jina la zamani, ukoma, alilitaja Mama Perpetua, kwa sauti ndogo, na nesi hakumkemea. Alimweleza tu kwamba zipo dawa, na zahanati inazitoa bure, na mtu akizianza hamwambukizi mwenzake, na mshipa wenyewe una vidonge vyake vya kuuokoa. "Kilichokwisha kufa huenda kisirudi chote," alisema. "Lakini kilichobaki tutakibakiza."

"Marehemu mama yangu," alisema Mama Perpetua. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. "Vidole vyake vilijikunja mwishoni. Hivi, kama makucha. Tulisema ni baridi yabisi. Na sisi tulikuwa tunampigia makofi."

Zenaide aligeuka. "Na wa Lindalva?" alisema. "Mkono wake?"

"Dona Lindalva ameungua tu," alisema nesi. "Analia kama mtu mwenye afya."

Kisha Zenaide akamkabili wifi yake.

"Ulitudanganya."

"Nilidanganya."

"Umejipakaza ugonjwa. Mezani. Mbele ya Mama."

"Ungekaa upimwe, kama ningesema ni wewe?"

Zenaide alikizungushia kidole kitambaa chake tena. "Nilidhani ni wivu," alisema.

"Ulikuwa wivu!" Lindalva alisema, na sauti ikampasuka. "Unadhani nani mwingine angekukodolea macho namna hiyo? Hao waliokupigia makofi?"

Zenaide alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka, na Lindalva alikwenda akamshika. Alimshika begani, mahali ambapo alijua anasikia.

Siku ya sikukuu bendera nyekundu ilisimama mbele ya tanuri. Mama Perpetua alinyanyuka kwenye kiti chake, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu kila siku, akamshika Lindalva mkono akamleta mbele ya wapiga ngoma.

"Atageuza binti yangu," alisema. "Na mkae tayari, maana huyu huungua."

Lindalva aliingiza vidole. Malengelenge yalikuwa yamepona, na ngozi mpya ilikuwa laini kama ya mtoto. "AAI!" alipiga yowe, kuku aliyekanyagwa kabisa, na watoto wakaruka kwa furaha, na ngoma zikajibu. Anselmo alivua kofia.

Beiju ikatua upande wake wa pili, nzuri.

Alipogeuka aone nani ameona, watu walikuwa wamekwisha kwenda upande wa kiti cha Zenaide. Mmoja amemletea kuku wa kuchemsha, mwingine amemletea glavu nene za turubai, mwingine anamuuliza vidonge anavimezaje, na Zenaide, ngozi imeanza kuwa nyeusi zaidi kwa dawa, alikuwa anasimulia, na wote wamefungua midomo. Mama Perpetua alikuwa akimpepea.

Lindalva alisikia kitu kikimchoma, pale pale pa zamani. Alisimama akipuliza vidole vyake.

"Wifi!" Zenaide aliita katikati ya watu. Mtu alikuwa amemwekea kikombe cha kahawa mbele yake, na alikuwa amekitazama bila kukigusa, mkono umesimama hewani. "Wifi, njoo unitazamie. Ya moto?"

Watu wakampisha. Lindalva akaenda, akashika kikombe kwa kiganja chake kizima.

"Ya moto," alisema. "Ngoja."

Akakaa chini kando yake, kikombe mikononi, akangoja kipoe.